Pini Mbili

"Shika tochi vizuri, Baba."

"Nimeishika. Anayetetemeka ni wewe."

Ni kweli, nilikuwa natetemeka. Ilikuwa Julai 2025, saa tatu usiku, na Kiirua mwezi wa Julai baridi inashuka kutoka mlimani na kukaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Mezani, juu ya gazeti kuukuu, nilikuwa nimelaza madabodi ya kompyuta ya Baba, uchi, bila kasha. Mkononi nilikuwa na wembe. Kwenye soketi ya prosesa kuna vijino viwili vya plastiki, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, na nilikuwa nataka kuvikata.

Chini ya wembe kulikuwa na pini 775. Pini za soketi hiyo ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba mpaka ukiziangalia kwa pembe zinaonekana kama nywele za paka. Ukipinda moja, unaweza kuwa umemaliza kila kitu.

"Na hivyo vijino kazi yake ni gani?" Baba akauliza.

"Kuzuia watu kama mimi."

Hakucheka. Alisogeza tochi karibu zaidi.

Kompyuta hiyo ilikuja nyumbani Januari 2010. Mwaka uliotangulia, kebo ya SEACOM ilikuwa imefika Mombasa kutoka baharini, na magazeti yalikuwa yamejaa habari za intaneti ya kasi, kana kwamba itafika Kiirua kesho yake na matatu ya kwanza. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Viazi vya msimu ule vilipata bei nzuri, akaenda Meru mjini asubuhi, akarudi jioni na kasha miguuni na skrini mapajani, amelipia viti viwili. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilibeba kibodi kutoka steji hadi nyumbani nikitembea polepole makusudi ili watu wanione.

Miaka minne hivi kompyuta ile ilikuwa ya kijiji. Kadi za harambee, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule tatu, mikataba ya kukodisha shamba. Na tanzia. Nusu ya watu waliozikwa Kiirua miaka ile, historia ya maisha yao ilichapwa sebuleni kwetu, mama zao wakimsomea Baba tarehe kutoka nyuma ya picha. Ninatia chumvi, lakini si sana. Mimi ndiye nilikuwa naandika Baba akichoka, na hapo ndipo nilipojifunza kuchapa bila kuangalia vidole. Kwa hiyo ukiniuliza nilisomea wapi kompyuta, cheti kinasema Nairobi, lakini ukweli ni kwamba nilisomea kwa wafu wa Kiirua.

Turudi kwa wembe.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mwezi wa Mei. Niliwaambia wazazi kwamba kampuni imeturuhusu kufanyia kazi nyumbani kwa muda. Ukweli ni kwamba mkataba ulikuwa umeisha mwezi wa Aprili, kwa barua pepe ya aya mbili, sisi wote wa timu yetu siku moja. Laptopu ilikuwa ya kampuni, nikairudisha. Kodi ya mwezi wa Mei nikaiangalia, nikaiangalia tena, nikafunga virago. Kazi pekee niliyoipata ni ya kunakili sauti, mahojiano ya watafiti: unasikiliza, unaandika, unalipwa kwa dakika ya sauti. Lakini ilihitaji kompyuta, na kompyuta iliyokuwepo ni ile ya 2010. Ukifungua kurasa mbili za intaneti na kicheza sauti kwa wakati mmoja, inaganda. Niliandika dakika 20 za sauti kwa siku mbili. Aki, nililia.

Laptopu za mtumba, zile tunaita eks-UK, za bei ya chini kabisa nilizoulizia zilianza shilingi 16,000. Kwa M-Pesa nilikuwa na 6,400.

Nasema hili mapema kwa sababu najua jinsi hadithi kama hii inavyopenda kusimuliwa. Msichana wa kijijini, mashine kuukuu, ubunifu wa Mwafrika, jua kali, makofi. Zii. Kama ningekuwa na elfu ishirini ningenunua laptopu na kuacha madabodi ya watu ipumzike.

Kwa hiyo nikaanza kusoma, kwa simu, usiku, chini ya blanketi.

Soketi ile inaitwa LGA 775. Intel waliitoa 2004, na kwa miaka kadhaa ikawa kama ploti ya zamani Eastlands: mlango ni uleule, wapangaji wanabadilika. Pentium 4 ikakaa pale, ikaja Pentium D, 2006 ikaja Core 2 Duo, mwishowe Core 2 Quad yenye viini vinne. Ungedhani basi kila kinachoingia kitafanya kazi. Hapana. Kuna bodi za 2004 zenye soketi hiyohiyo kabisa ambazo ukiweka Core 2 itakaa vizuri, itafungika vizuri, na haitawaka hata siku moja. Kukaa kwenye soketi ni jambo dogo. Bodi lazima iweze kuipa prosesa volti inayoitaka, na lazima iwe inaijua. Ya kwetu ilikuwa na chipseti ya G41, ya mwisho mwisho katika ukoo ule, kwa hiyo upande wa umeme nilikuwa na bahati. Upande wa kujulikana, tutaona.

Core 2 Quad nzuri bado zina bei, kwa sababu kila mtu mwenye mashine kama yetu anazitaka. Lakini zina binamu. Wakati uleule Intel walikuwa wakitengeneza prosesa za seva zinazoitwa Xeon, kwa soketi ya LGA 771. Ndani ni karibu kitu kilekile. Vituo vya data vilipobadilisha seva, Xeon hizo zikabaki kwa magunia, na hakuna mwenye haja nazo, kwa sababu nani ana bodi ya seva nyumbani? Hapo ndipo watu fulani waliziangalia mbili hizi kwa karibu wakagundua kwamba tofauti zinazozuia kazi ni vitu viwili tu. Pengo za pembeni zinazoshika vile vijino ziko mahali tofauti. Na miguso miwili chini ya prosesa imebadilishana nafasi. Miwili, kati ya mamia. Basi wakatengeneza stika ndogo, ndogo kuliko ukucha wa mtoto, yenye vijia viwili vya shaba vinavyovusha moja kwenda kwa nyingine. Unaibandika, unakata vijino, prosesa ya seva inakaa kwenye kompyuta ya mwalimu.

Niliagiza Xeon E5450 kutoka China, stika ikiwa imeshabandikwa, shilingi 1,450. Ilifika posta ya Meru baada ya wiki tatu na nusu. Viini vinne, gigahezi 3.0, kumbukumbu ya ndani megabaiti 12. Tuliyokuwa nayo ilikuwa Pentium E5200: viini viwili, gigahezi 2.5, megabaiti 2. Kichekesho ni kwamba E5450 ilitoka mwishoni mwa 2007 na E5200 ikatoka 2008. Yaani prosesa "mpya" niliyokuwa naingiza ilikuwa nzee kuliko ile niliyokuwa naitoa. Nilimweleza Baba, akafikiria kidogo. "Kama kumleta mwalimu mkuu mstaafu afundishe darasa la tatu," akasema. Yeye mwenyewe alistaafu 2019, sijui alikuwa anamzungumzia nani.

RAM nayo ilinisumbua. G41 haikubali kila kijiti cha DDR3. Ukichukua kijiti cha gigabaiti nne chenye chipu nane kubwa kubwa, inakataa au inaona nusu. Inataka chenye chipu 16, nane kila upande. Nilizunguka maduka ya mjini nikihesabu chipu kwa kidole mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nanunua au nafanya sensa. Nilipata viwili, 2,000.

Vijino vilikatika. Cha kwanza kiliruka, Baba akakiokota sakafuni. Nikaweka Xeon, nikapaka grisi ya joto, nikarudisha feni, nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Skrini nyeusi.

Tukangoja. Baba alizima tochi kuokoa betri. Skrini nyeusi.

Hilo ndilo jambo la kujulikana. Kila prosesa inapoamka, BIOS ya bodi huipa maagizo madogo ya kuirekebisha, yanaitwa mikrokodi, na katika BIOS ya bodi yetu kulikuwa na orodha ya prosesa zote za 775 zilizotarajiwa. Xeon haikuwa kwenye orodha. Nilikuwa nimesoma kwamba bodi nyingine zinaiwasha hivyohivyo, zinalalamika kidogo tu. Ya kwetu haikuwa ya kulalamika. Ilikaa kimya kama karani anayetafuta jina lako kwenye daftari na halipo.

Nikarudisha ile Pentium ya zamani, ambayo bila vijino bado inaingia, ikawaka. Nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo, na nilijua, na sikufanya kwa sababu ya haraka, ni kuchukua faili la BIOS, kuliongezea mikrokodi ya Xeon, kisha kuliandika upya kwenye chipu ya bodi kabla ya kubadilisha chochote. Kulitengeneza faili kulinichukua jioni moja. Kuliandika ni dakika mbili hivi. Katika dakika hizo mbili kuna sharti moja tu: stima isipotee.

UPS ya Baba ilikuwa imekufa betri tangu 2016. Ilikuwa imebaki kama meza ya kuwekea redio.

Nilichagua saa kumi na moja alfajiri, nikiwaza saa hiyo hakuna anayewasha kitu. Mshale ulifika asilimia sitini na kitu. Nje upepo ukapiga mti, taa ikazima. Nilisikia feni ikipunguza mwendo taratibu, kama mtu anayeketi.

Baba alikuwa ameamka. Alikuja na blanketi mabegani, akasimama mlangoni, simuoni, nasikia tu anavyopumua.

"Imekufa?"

"Imekufa."

"Kabisa?"

"Baba, sina kazi."

Sijui kwa nini yalitoka wakati ule. Giza labda. Nilimwambia yote, barua pepe, laptopu, kodi. Nikamwambia sasa nimeua na kompyuta yake, na hesabu za chama cha viazi ziko ndani, na mkutano ni Jumamosi.

Alikaa kwenye kiti cha wageni. Akanyamaza kwa muda. Huwa ananiita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mama, hiyo ya kazi nilijua."

"Nani alikuambia?"

"Ulikuwa unapiga simu saa saba, saa ya chakula. Miaka mitatu. Mwezi wa nne ukaanza kupiga saa nne asubuhi." Akajifunga blanketi. "Nikamwambia mama yako asiulize. Na hesabu za chama ziko kwa daftari pia. Mimi si mjinga, siamini stima."

Sikuwa na la kusema. Kulipokucha tulikunywa chai, na hatukulizungumzia tena, ila nilipotoka alinipa nauli ya kwenda mjini bila kuniuliza naenda wapi.

Nilikuwa naenda kutafuta fundi wa TV.

Hili nalieleza kwa sababu lingenisaidia sana kama mtu angeniambia mapema. BIOS iko kwenye chipu ndogo yenye miguu minane, na kwenye bodi nyingi za enzi ile chipu hiyo haijachomelewa, imekaa kwenye kitako chake. Unaweza kuichomoa kwa bisibisi nyembamba. Nami nikaichomoa, nikaifunga kwa karatasi ya sigara, nikaitia ndani ya kiberiti. Maduka mawili ya kompyuta niliyoingia waliniambia ninunue bodi nyingine. Lakini mafundi wa TV hizi za siku hizi, zile zinazokwama kwenye nembo hazifunguki, kila siku wanachomoa chipu za namna hiyohiyo na kuziandika upya kwa kifaa kidogo cha USB.

Nilimpata mmoja Makutano, kibanda chake kimejaa skrini zilizogeuzwa uso ukutani kama watoto wanaoadhibiwa. Nilifungua kiberiti. Akaiangalia kwa kioo cha kukuza.

"Ya TV gani, siz?"

"Ya kompyuta."

"Sijawahi fanya ya kompyuta." Akaigeuza. "Lakini chipu ni chipu. Faili unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye simu. Aliiweka chipu kwenye kifaa, akabana, akafuta, akaandika, kisha akaagiza mashine isome tena na kulinganisha. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Ikasema sawa. Dakika nne hivi, shilingi 400. Akaniuliza kama wasichana siku hizi wanafundishwa hii shuleni. Nikamwambia hapana, nilifundishwa na aibu. Alicheka, akanirudishia kiberiti.

Jioni ile Baba alishika tochi tena ingawa stima ilikuwepo. Chipu kwenye kitako. Xeon kwenye soketi. Grisi mpya. Nikabonyeza na sikuangalia skrini, niliangalia uso wake, kwa sababu mwanga ungempiga yeye kwanza.

Ukampiga.

"Intel," akasoma, kwa ile sauti ya darasani. "Ze-o-ni. E, tano, nne, tano, sifuri." Akainamia zaidi. "Imeandika jina lake."

Imeandika jina lake. Nilienda nje kidogo.

Sasa niseme na mipaka yake, maana sipendi watu wadanganyike. Prosesa hii inakula wati 80 ambapo ile ya kwanza ilikuwa ya 65, na sehemu ya bodi inayoilisha umeme inapata moto. Nimefunga feni ya pembeni iliyotoka kwenye pawa saplai iliyokufa, imeshikwa na waya. Na haiendi mbele zaidi ya hapa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ya sasa inadai agizo moja, POPCNT, ambalo kizazi cha Xeon yetu hakina. Limeanza kizazi kilichofuata. Halina stika wala wembe, haliko kwenye silikoni, basi. Kwa hiyo niliweka Linux Mint, na hapo ndipo nilipata matatizo ya kweli, maana barua rasmi ya chama cha viazi ilifunguka ikiwa imesogea mistari miwili chini na Baba akaichukulia kama matusi. Tumegombana kuhusu mistari miwili hiyo kuliko tulivyowahi kugombana kuhusu maisha yangu.

Lakini naweza kufungua kurasa kumi, kicheza sauti, na kamusi, na naandika dakika 40 za sauti kwa usiku mmoja nikijitahidi. Malipo ya kwanza hayakuwa makubwa. Nilinunua betri ya UPS, na redio ikahamia dirishani.

Tuna zamu. Asubuhi ni ya Baba, mpaka saa sita. Mchana tunanyang'anyana. Kuanzia saa mbili usiku ni yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta risiti ya RAM kwenye faili lake la kahawia, lile lenye hati za shamba na kadi zetu za kliniki. Nikakuta risiti ya kompyuta ya 2010, na nyuma yake bahasha ndogo iliyofungwa kwa gundi. Nikaipapasa, kuna vitu viwili vidogo vigumu vinatembea ndani. Juu ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Vijino vya kompyuta. Julai 2025. Visitupwe.*

Niliirudisha ilipokuwa. Ilikuwa saa mbili na dakika tano, na nilikuwa na dakika 22 za sauti za kumaliza kabla ya kulala.